Taa Inayozimika Ukiondoka

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimelificha hili tangu asubuhi, acha niliandike: taa ya onyo la breki kwenye pikipiki ya binti yangu nimeiwasha mimi.

Jana iliwaka yenyewe. Binti alikuwa akipita tu, anapeleka dawa zahanati za mbali. Fundi wa mtaani akakuta tope kwenye sensa, kile kihisi kinachosoma mzunguko wa gurudumu la mbele, akalisafisha. Binti akalala hapa. Nyumba ikawa na sauti — kikohozi cha mtu mwingine, maji bafuni.

Leo alipoingia kuoga nikalegeza bolti ya sensa, nikapachika chini yake kibati nilichokikata kwenye kopo la maziwa. Sensa ikakaa mbali na pete ya meno inayozunguka na gurudumu. Haisomi tena mzunguko. Umri wote nimefundisha fizikia, na hii ndiyo kazi niliyoipa!

Breki hizi, za kuzuia gurudumu lisijifunge, hujipima gurudumu likizunguka. Taa huzimika pikipiki ikishaondoka, kama sensa inasoma. Kwa hiyo akaondoka akiingoja izimike. Nikasimama mlangoni nimeshika fremu. Mlio ukafika kwenye kona, ukasita, ukageuka.

Mungu anisamehe, nilifurahi.

Ijumaa, 10 Oktoba

Fundi kapima betri, fyuzi, soketi za waya. Kompyuta yake inasema ishara ya mbele ni hafifu. Kaishiwa na mchana, atarudi kesho. Akatania kwamba pikipiki hii imenipenda, ikifika kwangu inaugua makusudi. Binti akacheka. Mimi nikaangalia viatu vyangu.

Jioni binti aliniuliza mbona sili. Nikasingizia meno. Daktari alikwishaniambia kwamba kilichobaki ni dawa za maumivu tu. Hilo nalo sijamwambia. Yeye ana njia yake, ana wagonjwa wanaomsubiri. Mimi ni mgonjwa asiye kwenye safari yake.

Breki za kawaida bado zinashika, najiambia. Lakini mawingu yametanda. Kwenye lami iliyolowa, gurudumu likijifunga, anateleza.

Jumamosi, 11 Oktoba

Fundi kaifungua sensa. Nilikuwa kwenye kiti changu kibarazani. Nikaona mkono wake umesimama. Binti alikuwa ndani, simu sikioni, akiwaomba radhi kazini.

Fundi akakichomoa kibati. Akafunga, akazungusha gurudumu, akamwambia binti kwamba ulikuwa uchafu, sasa pikipiki iko salama. Kisha akaja kuniaga. Aliponishika mkono, kile kibati akakiacha kiganjani mwangu.

"Mwalimu," akasema polepole, "mvua zimekaribia."

Basi. Ningependa anitukane.

Jumapili, 12 Oktoba

Inanyesha. Begi lake liko mlangoni tangu alfajiri.

Alipoingia kuoga nilichukua spana. Ndiyo, tena! Nikapiga magoti kando ya gurudumu. Bolti nikaitoa, lakini vidole vikagoma kukipachika kibati.  Nikataka kurudisha kila kitu mahali pake — bolti nayo ikakataa kuingia kwenye tundu lake. Kunyanyuka nikashindwa.

Akanikuta hapo, nimelowa. Akauliza nafanya nini. Nikafungua kiganja.

Alikiangalia kile kibati, akaiangalia sensa. Ana akili za mama yake, hakuhitaji maelezo. Akaninyanyua kwapani kama mtoto, akanikalisha hapa mezani, akanifunika taulo lake. Kisha akarudi nje kuifunga sensa mwenyewe. Namsikia. Spana inagonga chuma.

Sasa amesimama mlangoni. Helmeti mkononi, bado hajaivaa. Naandika ili nisimtazame.

"Si ungesema tu, Baba? Ungesema 'baki', ningekataa?"

Kalamu nimeisimamisha. Nimemjibu, na jibu lenyewe naliandika hapa kama nilivyolitamka, kabla sijalikana:

"Niliogopa nikuambie nakufa, mwanangu, usikie vizuri, na bado uondoke."