Maji ya Samaki kwenye Mwaridi wa Baba

Mpendwa Mama,

Ninakuandikia kukujulisha mambo mawili, nami nayaweka hapa mwanzoni ili usiyatafute: mwaridi wa Baba haukufa, na aliyeunguza mizizi yake, pasipo kujua, ni mimi mwanao.

Ningekueleza kwa simu, lakini kila nikiutaja mwaridi unaniambia kwamba mtandao wa Kasenga ni mbaya, na papo hapo mtandao unakuwa mbaya kweli. Barua haikatiki. Namwomba Mama Mdogo, ambaye amekupokea kwake, asikuruhusu kuikunja kabla ya mstari wa mwisho.

Unakumbuka jinsi mti ule ulivyoingia lupangoni, uani kwetu. Baba alishuka kwenye treni ya Sakania akiwa amekivingirisha kitawi kimoja ndani ya shati lake la kazi, shati likiwa limelowa, na kitawi chenyewe kikiwa kimetoka katika bustani ya stesheni. Ulisimama mlangoni, mikono kiunoni, ukamuuliza kama ameacha kuendesha treni ili awe mwizi wa maua. Naye akakujibu kwa heshima zote, kana kwamba yuko mbele ya hakimu: "Sikuiba, mama. Niliomba maua, maua ikakubali." Ulicheka hadi ukaketi chini. Akakichomeka kando ya bomba, na kuanzia siku hiyo hapakuwa na kitu kilichopewa nafasi kubwa zaidi katika uwanja wetu, hata baiskeli yake.

Baadaye zilianza safari zako za Kasenga. Ulirudi na samaki wabichi ndani ya barafu, ukawaosha pale bombani, na maji ya beseni ukayamwaga kwenye shina la mwaridi. Nilipokuuliza sababu, ulisema: "Siye tunakula samaki, roza inakunywa supu." Nilipokuwa mwanafunzi wa kilimo niliandika ukurasa mzima wa tasnifu yangu juu ya supu yako hiyo, kwa maneno ambayo usingeyatambua, na walimu walioketi kunisikiliza walitikisa vichwa kwa kuridhika. Sikuwaambia kwamba mtaalamu ninayemtegemea anauza samaki.

Sasa nifike kwenye kilio cha Baba.

Ulikuwa bado njiani kutoka Kasenga alipofariki, na ulirudi na shehena uliyokuwa umekwisha kuinunua kwa biashara. Safari hiyo haikuwa samaki wabichi. Ilikuwa samaki wa chumvi, magunia mawili, na ndiyo iliyowalisha waliokuja kulia pamoja nasi. Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuwaosha. Kila asubuhi, kwa siku saba, niliwaloweka, nikawasugua, na maji yale mazito nikayamwaga mahali mikono yangu ilipozoea kumwaga tangu utotoni. Hata mara moja sikujiuliza kilichomo ndani ya beseni. Ilikuwa kiangazi, Mama. Hapakuwa na tone la mvua la kuiteremsha chumvi ile.

Kabla mikeka haijakunjwa, majani yalikuwa yamekauka kingo kama karatasi iliyopitiwa na moto. Nawe ulimsikia, kama nilivyomsikia, yule mwanamke aliyesema karibu na mbabula, mkaa ukilia na sufuria ikichemka: "Bwana alikuya kukamata maua yake, juu bibi hakukuwa pale." Yaani Baba amekukasirikia kwa kutokuwepo alipofariki, ndiyo maana amerudi kuuchukua mwaridi wake. Hakuna aliyemjibu. Mimi pia nilinyamaza, na kunyamaza huko kunanichoma kuliko beseni zote saba. Siku chache baadaye ulifunga nguo zako, ukaniambia bila kunitazama: "Baki na nyumba. Mi, baba yako hanitaki tena mule."

Baada ya wewe kuondoka, nilijitwisha jukumu la kuuokoa mti huo kisayansi. Niliutia mbolea ya dukani, kwa kipimo kamili, nikaandika kipimo hicho kwenye daftari. Wiki iliyofuata matawi mawili yalikuwa meusi hadi chini. Mbolea ile nayo ni aina ya chumvi; nilikuwa nimemwekea mgonjwa wa kiu chumvi nyingine mdomoni. Haya nayajua. Niliyafanyia mtihani, nikafaulu vizuri sana.

Ndipo Baba Mdogo akaja na panga. Hakuja kwa ubaya. Alikuja kama ndugu wa marehemu anayesafisha. "Muti ya muntu mwenye alikufa haibaki mu lupango," alisema. "Inaita bengine bamufuate." Nilisimama mbele ya mwaridi na daftari langu. Akanitazama, akalitazama daftari. "Anjeniere wa maua! Basi uandike mule: leo inakatwa." Nilimwomba mwezi mmoja. Alinipa, lakini panga aliliacha limeegemea ukutani, ili mimi na mti tusisahau.

Aliyeniokoa ni jirani yetu Mama Ngoie. Alikuja kuomba moto, akachuchumaa, akakwangua ukoko mweupe uliokuwa umetanda juu ya udongo. Nilimweleza, kwa sauti ya mtaalamu, kwamba ni mabaki ya mbolea.

"Lamba," aliniambia.

"Mama Ngoie, mtu halambi udongo. Kuna maabara."

"Maabara iko mbali. Lulimi iko karibu. Lamba, mutoto."

Nikalamba. Mama, ilikuwa ladha ya kilio chetu: ile ile iliyokuwa kwenye vidole vyangu siku saba. Nikaona beseni. Nilikaa chini pale pale bombani, nikalia, kisha nikaanza kucheka, naye Mama Ngoie akamwita binti yake: "Kuya uone! Diplome yote ile, na inakula udongo!"

Kazi iliyofuata haikuhitaji shahada. Tulikwangua udongo wa juu na kuubeba mbali, tukachimba mfereji ili maji yapate njia ya kutoka, tukaukata mti hadi ukabaki kisiki cha urefu wa goti. Kisha maji, polepole, ndoo baada ya ndoo, yakiteremka na chumvi chini ya mizizi. Siku tatu za kupumzika, halafu tena. Bomba lilipokauka, Mama Ngoie alifungua kisima chake. Kila baada ya mzunguko mmoja nililamba udongo na kuandika: kali, kali kidogo, hafifu. Siku niliyoandika "hakuna", nililamba mara ya pili, kwa kutojiamini.

Mwezi wa Baba Mdogo ulikuwa umebakiwa na siku nne nilipoona, chini kabisa ya kisiki, ncha nyekundu ndogo kuliko punje ya mchele. Kwa kuwa Baba aliupanda kwa kitawi, wala haukuunganishwa na shina la mti mwingine, kinachochipuka pale si mwaridi mwingine. Ni wenyewe. Leo una machipukizi matano yanayonifikia kiunoni, na tumba moja linaloonyesha rangi. Baba Mdogo alichuchumaa, akalitazama kwa muda mrefu. "Kumbe ilikuwa samaki," alisema, akachukua panga lake na kwenda.

Hukuwa na kosa, Mama. Mti uliugua kwa sababu ya mikono yangu, wala si kwa sababu nyingine yoyote. Tena kuna neno ambalo ningepaswa kulisema kwa sauti pale kwenye mbabula. Mchana ule wa mwisho Baba aliniuliza mara mbili: "Mama yenu amefika Kasomeno?" Mara ya pili nilimjibu kwamba umefika, ingawa sikujua. Akasema, "Vizuri. Basi iko karibu," akafumba macho. Alikuwa akiihesabu barabara yako ya kutoka Kasenga, kituo kwa kituo, kama alivyozoea kuihesabu njia ya treni. Mtu aliyekukasirikia hangekusindikiza hivyo.

Sasa napumua, na ninalala usingizi. Lakini nyumba bila wewe ni kubwa mno, na sitaki tumba lile lifunguke huku wewe ukiendelea kujihukumu ng'ambo ya mto wa machozi ambao niliuchimba mimi. Nimekwisha kumwomba dereva wa gari la Kasenga akuwekee nafasi ya mbele. Sitakupigia simu kuuliza kama umekubali. Nitakuwa nimesimama pale magari hayo yanapoteremsha watu, pamoja na Baba Mdogo, ambaye ameomba mwenyewe kubeba mizigo yako: Jumamosi hii, saa tisa alasiri.

Mwanao wa kwanza