Kaka Jamali Yuko Kinanira

Mama yangu, shikamoo. Ujiji hamjambo?

Nakuandikia kutoka Kinanira, kwenye baa ambayo vijana wa Bujumbura wanaifuata kwa brosheti, yaani mishikaki, na ndizi za kuchoma. Mchoma nyama alipogeuka kuniuliza nataka nini, nikaona ni kaka Jamali! Akajifunika uso kwa aproni.

"Apana, usimwambie Mama kama mi niko huku," akasema. Kiswahili chake kimekuwa cha huku kabisa. Miaka miwili amekaa kimya kwa kuona haya, maana anafanya kazi panapouzwa pombe. Nikamwambia kwamba wewe, Mama, humwachi msafiri yeyote wa Burundi apite bila kumuulizia yeye. Akalia mbele ya wateja, akisingizia moshi.

Sasa ameniletea mukeke wa kuchoma, samaki wa ziwa letu, na ananitolea miiba kama mtoto. Amenenepa, Mama. Kukupigia simu bado anaogopa, kwa hiyo ameniomba nimwachie nafasi hii ya chini aandike mwenyewe.

Mama, ni mi Jamali. Nisamehe. Patro, bosi wa hii baa, amenipa ruhusa, Idi nakuja nyumbani. Usilie.