Mchoro Niliomaliza Asubuhi

Mjukuu wangu Nabwire,

Nakuombea uwe mzima huko chuoni. Sisi hapa Butula tuko salama. Nyanya yako amevuna maharagwe, na goti lake limepata nafuu.

Umeniuliza ni programu gani ya kuchora kwa kompyuta iliyo na kasi zaidi. Nikiwa kijana, mkubwa wetu wa ofisi pale Busia alitaka kujua hilo hilo. Alitupatia mimi na mwenzangu Auma programu mbili tofauti, kila mtu achore daraja lile lile la kijijini. Mimi nilimaliza asubuhi hiyo hiyo. Auma alimaliza kesho yake jioni, viatu vimejaa matope.

"Ulikuwa wapi?" nikamcheka.

"Mtoni, kuuliza wenyeji maji hufika wapi mvua ikizidi. Wewe kipimo hicho ulikitoa wapi?"

Nilikuwa nimekisia tu. Mkubwa akaingia akisifu programu yangu. Auma alinitazama, akingoja niseme kwamba nilikisia. Nikamkabidhi mkubwa mchoro wangu.

Daraja lilijengwa kwa mchoro wangu. Masika ya pili mto ulilibeba, na watoto wa ng'ambo wakakosa shule muhula mzima.

Wakati huo Auma alikuwa ameacha kazi. Sikumtafuta nimwombe msamaha, na mwaka jana nilisikia amezikwa kwao Sigalame.

Kwa hivyo sijui programu ipi ilikuwa na kasi, mjukuu wangu. Nilimshinda Auma kwa sababu yeye alienda mtoni, na mimi sikwenda.

Babu yako,
Makokha