Tumbo Tuliachie Nafasi?

Shoga usicheke. Nimejifungia chooni kwa fundi cherehani.

Nimekuja na mama mkwe kupimwa gauni. Fundi kanizungushia tepu kiunoni, kaivuta, kaniuliza, "Dada, tumbo tuliachie nafasi?"

TULIACHIE NAFASI!

Nikajua anausema huu unene. Si unajua tangu nianze vidonge vya sonona nakula mpaka makombo ya watoto? Nikamjibu, "Liachie tu, bado litaongezeka."

Bado litaongezeka! Kwa mdomo wangu mwenyewe!

Mama mkwe akapiga kigelegele. "Mwanangu, lakini dawa unameza?" Nikasema nameza kila asubuhi. Nilidhani mume wangu kamwambia. Kumbe mwenzangu anauliza dawa za wajawazito!

Sasa hivi namsikia anampongeza mwanawe kwenye simu.

Jana nilitaka kuvitupa vidonge vyote kwa sababu ya hili tumbo. Lakini shoga, mwaka jana, kabla ya hivi vidonge, nilikonda mpaka pete ikawa inanichopoka kidoleni, na hakuna aliyeniuliza nina nini. Hata huyu mama mkwe.

Anagonga mlango. "Mwanangu, unatapika?"

Nafungua. Vidonge ninavyo mkononi.