Daraja la Kibe

Satellite, Nairobi

Mwanangu Ciru,

Sisi tu wazima. Mparachichi alioupanda baba yako umezaa sana mwaka huu.

Nasikia umekwisha kata tiketi ya kuja kwenye tuzo za uhandisi. Daraja la waenda kwa miguu, lililojengwa pale baba yako Kibe alipogongwa na gari akafa, na kupewa jina lake, lilitazamiwa kushinda. Majaji wenzangu walilipenda kwa picha tu, hotelini mjini, wakadhani nitafurahi. Nilisisitiza twende tukalione.

Juu hapakuwa na mtu. Chini, kina mama wa sokoni walivuka barabara mbio, magunia mgongoni.

“Mbona hampiti darajani?” nilimwuliza mmoja.

“Mzee, beba hii gunia upande hizo ngazi, halafu uniulize tena!”

Wenzake walicheka.

Nililinyima kura, nao majaji wakanifuata. Halitashinda.

Jana nilirudi peke yangu. Kutoka juu nilimwona mwanamume mwenye koti la kahawia kama la baba yako, akingoja magari yapungue. Nilimwita Kibe, kwa sauti. Hakuinua macho. Alishuka barabarani.

Njoo hata hivyo, mwanangu.

Baba yako mkubwa,
Kiragu