Si la Haraka

Cwm Derwen, Wales
9 Februari

Mdogo wangu Hefin,

Huku mvua haijakatika, na paka wa Idwal bado analala kwenye kiti chake. Kadi yako ya rambirambi nimeipata. Unasema huko Marekani mume wangu Idwal angepasuliwa moyo wiki ileile, na leo angekuwa hai. Huenda. Wewe nyonga yako walikutengenezea upesi, kisha ukauza nyumba ili uwalipe. Hapa Idwal hakudaiwa hata senti. Alisubiri tu, miezi kumi na minne.

Lakini usiitukane hospitali yetu. Mama alituzaa pale sote, na hakuna aliyemuuliza baba ana nini mfukoni. Ninayemkasirikia ni Idwal. Kila alipompigia daktari simu saa mbili asubuhi, msichana wa mapokezi alimuuliza, "Ni la haraka, mzee?" Naye, huku kashika kifua: "Hapana, mwanangu. Wapo wenye hali mbaya kuliko mimi."

Nilimfokea, "Sema ukweli, we mwanamume!" Akaniambia nisimtie aibu.

Jana, wiki tatu baada ya mazishi, barua ya kumwita hospitali akapasuliwe ilifika. Nikampigia daktari simu ili nafasi yake apewe mwingine. Nilingoja kwenye foleni ya simu nyuma ya watu ishirini, na nilipopokelewa nikaanza kwa kuomba radhi kwa usumbufu.

"Ni la haraka, mama?" akauliza yule msichana.

"Hapana, mwanangu," nikamjibu. "Si la haraka tena."

Dada yako,
Mererid