Jina Moja Tu Tulibadilisha

Kimulot, Jumapili

Dada Eucabeth,

Huku mvua haijakatika. Mashine ndizo zinachuna chai siku hizi, na wasichana wengi wa laini yetu ya nyumba wamerudi kwao.

Albamu ya bendi yetu imetoka. Miaka kumi na moja ya mazoezi nyuma ya nyumba za kampuni! Ulipomzika mtoto wako Calvince ukabaki huko Siaya, mimi ndiye nilishika maiki.

Mwenye studio huku Kericho alikubali kuturekodi, mradi tumtaje mwanawe, vile nyimbo zetu za benga hutaja watu. Wimbo uliofaa ni ule wa kumlilia Calvince. Tulitoa jina lake tukaweka Johnson, halafu tukaongeza mwendo kidogo.

Jana tuliuimba kwa bathidei ya huyo Johnson. Watu walicheza mpaka viatu vikawatoka.

Usinipigie simu kulia. Kama ulitaka jina libaki, ungerudi uliimbe mwenyewe. Mimi sikumzaa.

Mama anakusalimia. Jana alikaa mbele kabisa, karibu na keki. Wimbo wa mjukuu wake hakuutambua. Aliinuka, akacheza.

Mdogo wako,
Dorcus